Mapigo 45 kwa dakika: nani anaushika moyo wa mkimbiaji?

Ukikata neva zote zinazoingia kwenye moyo, moyo hausimami. Unakwenda mbio zaidi. Jambo hilo lilionekana wazi kwa wagonjwa waliopandikizwa moyo, baada ya Christiaan Barnard kufungua njia katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967. Moyo ukitolewa kwa mtu mmoja na kushonewa kwa mwingine, mishipa ya damu huunganishwa lakini neva hazishonwi. Mwenye moyo huo akiwa amelala kitandani, ametulia kabisa, mapigo yake huwa kati ya 90 na 110 kwa dakika. Akianza kutembea, dakika kadhaa hupita kabla mapigo hayajapanda sawasawa, kwa sababu moyo unasubiri adrenalini iletwe na damu. Akiketi, mapigo hukawia kushuka.

Mtu mzima wa kawaida aliyepumzika ana mapigo 60 hadi 80. Kwa hiyo moyo wake umeshikwa, usiku na mchana, usiende kwa kasi yake ya asili. Mkimbiaji wa mbio ndefu mwenye mapigo 45 ama ameshikwa zaidi, ama kuna kitu kilichobadilika ndani ya moyo wenyewe. Wataalamu wamebishana juu ya hilo kwa miaka mingi, na si ubishi wa maabara tu: jibu lake ndilo linaloamua usome vipi namba inayotokea kwenye saa yako janja kila asubuhi.

Neva nyepesi na neva nzito

Mapigo huanzia kwenye nodi ya SA, kijipande cha tishu kilicho ukutani mwa chumba cha juu cha kulia cha moyo. Seli zake hujiwasha zenyewe bila kuamrishwa na ubongo. Kasi yake ya asili hupungua kadiri umri unavyosogea. Hesabu iliyotolewa mwaka 1970 na ingali ikitumika ni hii: zidisha umri kwa 0.57, kisha toa jawabu kwenye 118. Mtu wa miaka 30 anapata kama 101, wa miaka 60 kama 84.

Juu ya kasi hiyo zinafanya kazi neva za aina mbili. Neva ya vagasi hushuka kutoka shina la ubongo, ikapita shingoni na kumwaga asetilikolini kwenye nodi. Ndiyo kemikali iliyokuwa nyuma ya jaribio la Otto Loewi la mwaka 1921: alichukua maji kutoka kwenye moyo wa chura uliokuwa umepunguzwa kasi na vagasi, akayatia kwenye moyo wa chura wa pili, nao ukapunguza kasi bila kuguswa. Vagasi ni nyepesi. Amri ikitoka, pigo linalofuata tayari limechelewa. Amri ikikoma, athari hufutika ndani ya sekunde chache. Neva za simpathetiki hutoka kwenye uti wa mgongo sehemu ya kifua na kumwaga noradrenalini. Hizi ni nzito: athari yake hujijenga polepole kwa sekunde nyingi, na ikishajengeka haiondoki haraka.

Tofauti hiyo ndiyo inayobeba vipimo vyote vya eneo hili. Kama muda kati ya pigo na pigo unabadilika kutoka pigo moja hadi la pili, mhusika hawezi kuwa simpathetiki, kwa kuwa haina wepesi huo. Ni vagasi. Shika kifundo cha mkono wako, ubonyeze mshipa upande wa kidole gumba, halafu vuta pumzi taratibu. Mapigo yanakaribiana. Itoe, yanaachana. Unapovuta pumzi vagasi inanyamazishwa kwa muda, unapoitoa inarudi kazini. Kwa kijana mwenye mazoezi tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba anayeigundua kwa mara ya kwanza hudhani moyo wake unarukaruka. Haurukiruki. Hofu ingefaa zaidi pale mapigo yanapokwenda kama saa ya ukutani bila kujali pumzi, jambo linaloonekana kwa wagonjwa wa kisukari cha muda mrefu ambao neva hizi zimeharibika.

Mazoezi yanabadilisha nini, na lini

Mwili uliopumzika unahitaji takribani lita 5 za damu kila dakika, uwe umefanya mazoezi au hukufanya. Asiye na mazoezi huzipata kwa mapigo 70, kila pigo likisukuma mililita 70 hivi. Mkimbiaji ambaye kila pigo lake linasukuma mililita 100 anahitaji mapigo 50 tu. Ukubwa wa moyo wa wanamichezo si habari mpya. Mganga wa Uswidi, S. E. Henschen, aliueleza mwaka 1899 kwa kugonga vifua vya watelezaji wa skii kwa vidole na kusikiliza sauti. Ila moyo mkubwa peke yake haujui kwamba unapaswa kwenda polepole. Lazima kuwe na kitu kinachoupunguza.

Kinachotangulia ni maji ya damu. Ndani ya siku chache za mazoezi ya kuongeza pumzi, kama kukimbia, hasa kwenye joto, plazima huongezeka, na baada ya wiki moja au mbili ongezeko la asilimia 10 si ajabu. Damu nyingi zaidi inarudi kwenye moyo, kuta zinanyooka zaidi, kila pigo linabeba zaidi. Vipokezi vya shinikizo vilivyo shingoni na kwenye mshipa mkuu vinahisi mnyooko huo na kuutaarifu ubongo, nao unaongeza kazi ya vagasi na kupunguza ya simpathetiki. Ndiyo maana anayeanza kujogi huona mapigo yake ya kila siku, kwa mwendo uleule, yameshuka ndani ya wiki mbili au tatu, wakati misuli ya moyo bado haijapata muda wa kukua. Na ndiyo maana pia mafanikio hayo ya mwanzo hupotea upesi sana akikatisha mazoezi.

Baada ya miezi miwili au mitatu ya kukimbia mara 3 au 4 kwa wiki, mtu wa kawaida hutarajia mapigo ya kupumzika yashuke kwa 5 hadi 10. Anayetoka 72 hafiki 45 kwa msimu mmoja. Kushuka hadi 45 huchukua miaka, na hapo ndipo ubishi unapoanzia.

Maelezo ya zamani yalisema yote ni kazi ya vagasi. Njia ya kuyapima ni kuziba neva zote mbili kwa dawa, atropini kwa vagasi na propranolol kwa simpathetiki, kisha kutazama moyo unapiga vipi ukiwa peke yake. Kama tofauti ni ya neva tu, mkimbiaji na asiyekimbia wanapaswa kufanana baada ya dawa. Hawakufanana. Utafiti wa mwaka 1982 kwa wapiga makasia ulikuta mioyo yao, hata neva zikiwa zimezibwa, inapiga polepole kuliko ya wasio wanamichezo. Mwaka 2014 kundi la Chuo Kikuu cha Manchester likaonyesha sababu mojawapo katika panya waliofanyishwa mazoezi: seli za nodi ya SA zilikuwa zimepunguza idadi ya milango ya umeme iitwayo HCN4, ambayo kazi yake ni kuiwasha seli kwa ajili ya pigo linalofuata. Milango ikipungua, seli inakawia kujiwasha. Dawa ya moyo ya ivabradine hufanya kazi kwa kuziba milango hiyohiyo.

Mwaka 2015 pande mbili zilijibizana waziwazi katika Journal of Physiology. John Coote na Michael White walisimama upande wa vagasi. Alicia D'Souza, Sanjay Sharma na Mark Boyett wakasimama upande wa nodi. Hoja za upande wa nodi naona zina nguvu zaidi kwa mtu aliyekimbia miaka mingi, na za upande wa vagasi kwa mtu aliye katika miezi yake ya kwanza. Hakuna kinachozuia zote mbili kuwa kweli kwa mtu mmoja katika nyakati tofauti.

Kwa mfanyaji mazoezi, maana yake ni hii: sehemu ya mapigo ya kupumzika imeshajengwa ndani ya nodi, na sehemu hiyo haibadiliki kwa usiku mmoja. Ukilala vibaya au ukizidisha mazoezi, nodi haina habari. Vagasi inayo. Kwa hiyo kwa mkimbiaji mkongwe mapigo ya asubuhi ni kipimo kizito kinachochelewa kusema, wakati utofauti kati ya pigo na pigo, ule ambao saa huuandika HRV, husema mapema. Lakini nao una mtego wake. Moyo unaokwenda polepole una nafasi pana kati ya mapigo, na nafasi ikiwa pana hata mguso mdogo wa vagasi unaonekana mkubwa. HRV ya juu ya mkongwe si ushahidi kwamba vagasi yake ina nguvu kuliko yako; sehemu yake inatokana tu na upole wa mapigo. Kushindanisha HRV na rafiki ni kupoteza muda.

Kinachotokea ukianza kukimbia

Hatua za kwanza haziamshi simpathetiki kama wengi wanavyodhani. Vagasi inaondoka kwanza. Kutoka mapigo ya kupumzika hadi karibu 100, kazi kubwa hufanywa na kuondoka kwa vagasi, na hutokea ndani ya sekunde chache. Kutoka hapo kwenda juu, simpathetiki huchukua zamu, na adrenalini ya damuni huongezea. Ukianza kwa kishindo bila kupasha mwili, unailazimisha simpathetiki iliyo nzito ifanye haraka kazi ambayo hufanywa kwa dakika 5 hadi 10. Mapigo huchelewa nyuma ya misuli, misuli hulipia deni hilo kwa kuzalisha asidi, na kilomita ya kwanza inakuwa ngumu kuliko ya tatu.

Kilele cha mapigo hakipandi kwa mazoezi. Kwa wengi hushuka kidogo. Kanuni ya 220 kutoa umri ni ya kukadiria tu, na 208 kutoa 0.7 mara umri huwa karibu zaidi kwa watu wazima, lakini hata hiyo inaweza kumkosea mtu kwa mapigo 10 au zaidi, juu au chini.

Unaposimama, mpangilio hugeuka: vagasi hurudi kwanza, simpathetiki hufifia baadaye. Dakika ya kwanza baada ya kusimama basi ni dirisha la kuiona vagasi bila kifaa cha gharama. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 na madaktari wa Cleveland, Marekani, ulikuta kwamba watu ambao mapigo yao yalishuka kwa 12 au pungufu katika dakika hiyo, huku wakitembea polepole, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa katika miaka iliyofuata. Wakimbiaji waliozoea hushuka 30 au zaidi. Jipime hivi: pasha mwili dakika 10, kimbia dakika 4 kwa mwendo mmoja unaokufikisha karibu asilimia 85 ya kilele chako, soma mapigo, acha kukimbia, tembea polepole, soma tena baada ya sekunde 60 kamili. Rudia kila baada ya wiki nne, mahali palepale, saa ileile, ukianzia mapigo yaleyale. Ukikaa badala ya kutembea, namba itashuka zaidi na hailingani na ya wiki nyingine.

Hapohapo kuna hatari ambayo waandaaji wa mbio wanaijua na washiriki wapya hawaijui. Wakati wa kukimbia, misuli ya miguu inasukuma damu kurudi juu. Ukivuka mstari na kusimama wima ghafla kupiga picha, pampu hiyo inazimika, mishipa ya miguuni bado imepanuka kwa ajili ya joto, damu inatuama chini, na vagasi inarudi kwa nguvu. Presha inaanguka na mtu anaanguka nayo. Endelea kutembea dakika 5 hadi 10. Aliyekwisha kuanguka alazwe chali miguu ikiwa juu kuliko moyo. Wengi huzinduka haraka. Asiyezinduka, anayechanganyikiwa au mwenye joto kali mwilini ni mgonjwa wa kitu kingine na ni dharura. Kuzimia ukiwa katikati ya mbio, miguu ikiendelea kusukuma, hakuna maelezo ya upole kama hayo na kunahitaji daktari wa moyo kabla ya mazoezi yanayofuata.

Kujipima asubuhi

Mkanda wa kifuani unasoma umeme wa moyo na ni wa kuaminika zaidi. Lowanisha kwa maji sehemu zinazogusa ngozi, la sivyo dakika za kwanza zitakuwa takataka. Saa ya mkononi inasoma mwanga unaorudi kutoka kwenye damu; ukiwa umetulia inafaa, ukiwa unakimbia inaweza kudanganywa na mtikisiko wa mkono ikakuonyesha idadi ya hatua badala ya mapigo. Ukiona 170 isiyoyumba kwenye mbio nyepesi, kaza mkanda na uisogeze saa juu kidogo ya kifundo.

Amka, nenda haja ndogo, rudi uketi. Kibofu kilichojaa huamsha simpathetiki. Kaa kimya dakika moja, kisha rekodi dakika mbili au tatu kabla ya chai, kahawa na simu. Wenye mapigo chini ya 50 wafanye wakiwa wameketi au wamesimama badala ya kulala, kwa sababu wakilala vagasi inaweza kuwa imefikia kikomo cha athari yake, na hapo utofauti kati ya mapigo unapungua ingawa neva ipo kazini kikamilifu. Kipimo kinaonekana kibaya wakati hali ni nzuri.

Kipimo chenyewe cha utofauti huo (HRV), kiitwacho RMSSD, si fumbo. Chukua nafasi nne zinazofuatana kati ya mapigo, kwa milisekunde: 1,200, 1,260, 1,230 na 1,290. Wastani wake ni 1,245, yaani mapigo 48 kwa dakika. Tofauti kati ya nafasi na nafasi ni 60, 30 na 60. Zipige kipeo cha pili: 3,600, 900 na 3,600. Wastani wake ni 2,700, na kipeuo chake ni kama 52. RMSSD ni milisekunde 52. Sasa weka pigo moja lililowahi katikati, nafasi zisomeke 1,200, 700, 1,700. Tofauti ni 500 na 1,000, na jawabu linaruka hadi karibu 790. Pigo la ziada la namna hiyo hutokea kwa watu wazima wengi wenye afya, na programu nyingine hushindwa kulichuja. Namba ikiongezeka mara mbili kwa usiku mmoja, shuku pigo la ziada kabla ya kujipongeza.

Pumua kawaida. Kuvuta pumzi ndefu na za taratibu kunaipandisha RMSSD papo hapo, na ukifanya hivyo leo na usifanye kesho umepima pumzi zako. Kuhusu ule uwiano wa LF kwa HF, yaani wa mabadiliko ya polepole ya mapigo (LF) kwa yale ya haraka (HF), ambao programu fulani huuita mizani ya simpathetiki na parasimpathetiki (upande wa vagasi), uache. LF imechanganya kazi ya neva zote mbili, na anayepumua chini ya mara 9 kwa dakika huihamishia huko hata kazi yake ya vagasi. Namba inayobadilika maana kwa sababu ya pumzi haifai kuamua mazoezi ya mtu.

Usiamue lolote kwa asubuhi moja. Tumia wastani wa siku 7, wenye vipimo angalau 3 kwa mzoefu na 5 kwa asiye mzoefu, na uutazame dhidi ya mwezi uliopita. Wastani ukishuka nje ya mazoea yako huku mapigo yakipanda, mwili haujapona. Kuna hali nyingine inayowachanganya hata makocha: mkimbiaji aliyezidisha mazoezi kwa wiki kadhaa anaweza kuonyesha RMSSD ya juu na mapigo ya chini kuliko kawaida, picha inayofanana na ya afya njema. Mpeleke kwenye mbio za vipindi. Mapigo yake yanagoma kupanda, yanakwama 10 hivi chini ya pale yanapofika siku zote kwa mwendo uleule, na miguu ni mizito. Vagasi imekataa kuachia. Huyo hahitaji kuongezewa spidi; apunguziwe mazoezi kwa wiki moja au mbili.

Wanawake wanaopima waandike pia siku ya mzunguko. Baada ya yai kutoka, mapigo ya kupumzika hupanda kidogo na HRV hushuka hadi hedhi ianze tena. Asiyeliandika hilo ataona uchovu kila mwezi pale ambapo haupo.

Polepole ina sababu yake

Wageni wanaofika Iten, Kenya, mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, hushangazwa na jinsi mabingwa wanavyoburuza miguu kwenye mbio nyepesi. Mtu anayekimbia kilomita moja chini ya dakika 3 siku ya mashindano anaweza kuianza asubuhi kwa dakika 5 au zaidi. Jumanne wanakwenda uwanjani kwa vipindi, Alhamisi fatleki (mbio za kubadilisha kasi njiani), Jumamosi mbio ndefu, na katikati ya siku hizo ni mwendo wa kuzungumza.

Utafiti wa Stephen Seiler na wenzake, uliochapishwa mwaka 2007, unaeleza kwa nini inawezekana kukimbia mara mbili au tatu kwa siku namna hiyo. Waliwapima wanamichezo walioiva baada ya mazoezi tofauti. Baada ya mbio za chini ya kizingiti cha kwanza cha pumzi, hata za dakika 120, vagasi ilirudi ndani ya dakika 5 hadi 10. Walipovuka kizingiti, ilichukua kama nusu saa, na haikujali sana kama walikivuka kidogo au kwa kiasi kikubwa. Wanamichezo wa kiwango cha kati, waliopimwa pia, walikawia zaidi. Kwa maneno mengine, kinachoigharimu vagasi zaidi ni kuvuka mstari, kuliko urefu wa safari. Baada ya kazi nzito sana, kipimo cha asubuhi kinaweza kubaki chini hata siku mbili.

Kizingiti hicho ni pale ambapo sentensi nzima inaanza kukatika. Ukiweza kumweleza mwenzako habari ya jana bila kuhema katikati ya sentensi, uko chini yake. Anayeanza akimbie siku 4 kwa wiki, dakika 30 hadi 45, zote chini ya mstari huo, akichanganya na kutembea ikibidi, kwa wiki 6 hadi 8 kabla ya kuongeza siku moja ya spidi. Kosa la vikundi vingi vya jogging mijini ni kuimba na kukimbia wiki nzima kwa kasi ya mwenye nguvu zaidi. Nusu ya kundi iko juu ya kizingiti kila siku, vagasi zao hazipati nafasi ya kurudi, na baada ya miezi mitatu mapigo yao ya kupumzika yako palepale.

Pwani kuna tatizo lake. Dar es Salaam au Mombasa, hata ukianza saa kumi na moja na nusu alfajiri, unyevu wa hewa unazuia jasho lisikauke. Damu nyingi inapelekwa kwenye ngozi, plazima inapungua kwa jasho, na mapigo yanapanda 10 hadi 20 ndani ya saa moja kwa mwendo uleule. Fuata mapigo na pumzi, uache mwendo upungue. Anayepanda kutoka pwani kwenda Iten hukumbana na kinyume chake: hewa ni baridi, lakini oksijeni chache inaamsha simpathetiki, plazima inapungua katika siku za kwanza, mapigo yanapanda hata kitandani na RMSSD inashuka. Wiki ya kwanza isiwe na spidi kabisa.

Mambo yanayovuruga namba

Homa huongeza mapigo kama 10 kwa kila nyuzi moja ya joto. Hapa mwenye mazoezi ana hatari ya pekee. Mapigo 75 ni ya kawaida machoni pa muuguzi, ila kwa mtu ambaye siku zote ana 45 yamepanda 30, na huyo ni mgonjwa. Mwambie anayekuhudumia namba yako ya kawaida. Mapigo ya asubuhi yakipanda 8 au zaidi bila sababu ya wazi, pima joto, na kama unaishi penye malaria, pima malaria kabla ya kulaumu mazoezi. Usikimbie na homa hata ikiwa ndogo. Virusi vinavyoshambulia misuli ya moyo havijitambulishi mapema.

Miraa ina kathinoni, inayofanya kazi kwa njia inayofanana na amfetamini: inachochea simpathetiki, mapigo na presha vinapanda. Mbio kali juu ya miraa si mchezo. Pombe ya jioni huharibu kipimo cha kesho hata kama usingizi ulionekana mzito. Atenolol na propranolol, dawa za presha zinazotumiwa na watu wengi, zinaziba mkono wa simpathetiki, hivyo kanda za mapigo zilizowekwa kwa hesabu ya umri hazina maana kwa anayezimeza. Atumie kipimo cha maongezi. Wakati wa Ramadhani, kukimbia usiku baada ya tarawehe hubakiza mapigo juu usingizini, na kupima baada ya daku hakulingani na kupima ukiwa tumbo tupu. Chagua saa moja uishike mwezi mzima, na usiulinganishe mwezi huo na Shaaban.

Pale polepole inapogeuka ugonjwa

Vigezo vya kimataifa vya kusoma ECG (kipimo cha umeme wa moyo) za wanamichezo, vilivyotolewa mwaka 2017, vinakubali mapigo hadi 30 kwa dakika kwa mwanamichezo asiye na dalili. Vinakubali pia kuchelewa kwa umeme kati ya vyumba vya juu na vya chini, na hata ile hali ambayo ucheleweshaji unaongezeka pigo kwa pigo hadi moja linadondoka, hasa usingizini. Ukimwambia mtu huyo apande ngazi mara kadhaa, vagasi inaondoka na hitilafu inapotea. Ikibaki au ikizidi wakati wa zoezi, si ya vagasi. Mapigo chini ya 30, kusimama kwa sekunde 3 au zaidi, na umeme unaokatika bila mpangilio ni mambo ya kuchunguzwa. Vivyo hivyo kizunguzungu, kuzimia, au ndugu wa karibu aliyefariki ghafla akiwa kijana.

Wanaume wa miaka 45 na kuendelea waliokimbia kwa miongo wana jambo lao. Asetilikolini inafupisha muda wa misuli ya vyumba vya juu kupumzika baada ya kila pigo, na vyumba vilivyopanuka kwa mazoezi ya miaka mingi vinapata mwanya wa kuanza kutetemeka ovyo badala ya kupiga. Uchunguzi wa Uswidi kwa washiriki 52,755 wa Vasaloppet, mbio za skii za kilomita 90, ulikuta hitilafu hiyo zaidi kwa waliomaliza mara nyingi. Ya aina hii hupenda kuja usiku au baada ya mlo mzito, vagasi ikiwa juu: mapigo yasiyo na mpangilio wowote, yasiyofuata pumzi, yanayodumu dakika au saa nzima. Rekodi kwa mkanda kama unao, uende hospitali mapigo hayo yakiwa bado yanaendelea, kwa kuwa ECG ya kesho yake huenda ikawa safi. Kiharusi ndicho kinachoogopwa hapo, na dawa ya kuzuia damu kuganda huamuliwa kwa umri, presha, kisukari na mengineyo, haijalishi unakimbia nusu marathoni kwa saa ngapi.

Anayerudi baada ya wiki tatu za kupumzika, kwa ugonjwa au kwa msimu, ataona mapigo 5 hadi 10 juu kwa mwendo wake wa zamani. Plazima imepungua, nodi haijasahau. Aanze na nusu ya dakika alizozoea, zote za maongezi, kwa wiki mbili, na aongeze pale ambapo mapigo ya mwendo uleule, kwenye njia ileile, yamerudi yalipokuwa.